Furaha, mwili na roho: maswali ambayo Wakristo huuliza mara kwa mara

Maswali haya huulizwa baada ya ibada, kwenye jumuiya za Jumamosi asubuhi, na mara nyingi zaidi kwa ujumbe wa simu usiku, mtu akiwa peke yake na hataki mchungaji wala padre wake ajue. Nimeyajibu kwa Maandiko, kwa mapokeo ya Kanisa tangu karne za mwanzo, na kwa yale ninayoyaona kati ya waumini ninaowafundisha. Pale ambapo madhehebu hayakubaliani, nimesema.

Furaha ya Kikristo ni kitu gani hasa?

Wengi huanza na mstari mmoja: "Furaha ya BWANA ni nguvu zenu." Unauona kwenye fulana za kwaya, kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kalenda ukutani. Shida ni kwamba tunaunukuu nusu. Fungua Nehemia 8:10 uusome wote. Watu wamerudi kutoka uhamishoni. Wamesimama tangu mapambazuko hadi adhuhuri mbele ya Lango la Maji, wakimsikiliza Ezra akisoma torati, na wote wanalia. Wanaambiwa nini? Waende wakale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yule asiyewekewa kitu. Baada ya hapo ndipo linakuja neno la furaha ya Bwana kuwa nguvu yao.

Kwa hiyo furaha inayozungumzwa pale ina sufuria jikoni. Ina jirani aliyekumbukwa. Chanzo chake ni Mungu, kwa sababu watu wale wamejua kwamba Mungu hajawatupa, lakini haikuishia kichwani mwao. Ilishuka mpaka mezani, ikavuka uzio mpaka kwa yule ambaye jiko lake halikuwaka siku hiyo.

Paulo naye anaiweka furaha katika tunda la Roho (Wagalatia 5:22), ikifuata mara tu baada ya upendo. Tunda huletwa na Roho, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumkaripia mwenzake eti "furahi basi!" Mwenye haki ya kusema hivyo alikuwa Paulo mwenyewe, aliyewaandikia Wafilipi "furahini katika Bwana sikuzote" akiwa kifungoni.

Mimi ni mkimya kwa asili. Sicheki ovyo, sirukiruki kwenye sifa. Je, sina furaha ya Roho?

Unayo, kama umetulia mbele za Mungu. Uchangamfu ni tabia ya kuzaliwa nayo. Wengine wanayo, wengine hawana. Mariamu aliimba kwa sauti nyumbani kwa Elisabeti (Luka 1), na huyohuyo Mariamu, wachungaji walipokuja usiku ule wa kuzaliwa Yesu, aliyaweka maneno hayo yote akiyafikiri moyoni mwake. Mtu mmoja, furaha ileile, mara mbili tofauti.

Paulo anasema mwili hushindana na Roho. Je, mwili si adui wa imani?

Hili ni swali zito kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu baya limeumiza watu wengi. Nimewaona mabinti waliofundishwa kuuonea aibu mwili wao tangu walipovunja ungo. Nimewaona akina mama wanaoamini kwamba kujilaza mchana wakiwa wamechoka ni dhambi.

Soma Wagalatia 5:19–21, pale Paulo anapoyataja "matendo ya mwili". Uasherati upo, ulevi na ulafi vipo. Lakini hesabu na haya: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda. Zaidi ya nusu ya orodha hiyo ni dhambi ambazo mtu anaweza kuzitenda akiwa amekaa kitini, mikono imetulia. Mtu anaweza kufunga mpaka adhoofu, na husuda yake ikabaki nzima. Anachokipiga vita Paulo pale ni maisha ya mtu aliyempa Mungu kisogo, na maisha hayo hukaa moyoni na akilini sawasawa na tumboni.

Paulo huyohuyo anawauliza Wakorintho, "Hamjui ya kuwa mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu?" (1 Wakorintho 6:19). Anawasihi Warumi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai (12:1). Anamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Anayeuchukia mwili hapotezi wino kuliandikia tumbo la kijana wake.

Mtu ana sehemu mbili au tatu?

Wapo wanaosema tatu, yaani roho, nafsi na mwili, kwa kutegemea 1 Wathesalonike 5:23. Kanisa Katoliki na Waprotestanti wengi husema mwili na roho, kitu kimoja. Waadventista wa Sabato hufundisha kwamba hakuna roho inayoishi peke yake nje ya mwili. Mtu mzima ndiye nafsi hai, kama Mwanzo 2:7 inavyosema, na akifa analala mpaka ufufuo. Tofauti hizo ni za kweli na sitazipunguza. Hata hivyo wote hukutana hapa: Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi puani, na mtu huyo, mavumbi na pumzi pamoja, ndiye aliyeonekana kuwa chema sana.

Wakristo wa mwanzo walikuwa na msimamo gani?

Walipigana vita vikali juu ya jambo hili, na inafaa tujue ni nani aliyeshinda. Katika karne ya 2 mwalimu mmoja huko Roma, Marcion, alifundisha kwamba Mungu aliyeumba vitu vinavyoshikika si yule Baba wa Yesu, na kwamba Kristo hakuwa na mwili halisi. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Wapo wengine wengi waliosema kwamba roho ni cheche iliyonaswa ndani ya nyama, na wokovu ni kuchomoka.

Ireneo, askofu wa Lyon, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, aliwajibu karibu mwaka 180. Aliwauliza: mnawezaje kusema kwamba mwili hauwezi kupokea uzima wa milele, wakati mwili huo unalishwa kwa mwili na damu ya Bwana? Ni yeye aliyeandika kwamba utukufu wa Mungu ni mwanadamu aliye hai, na uhai wa mwanadamu ni kumwona Mungu.

Kisha akaja mwandishi Tertuliano, Mwafrika wa Kartago, katika Tunisia ya leo, mwanzoni mwa karne ya 3. Alisema mwili ni bawaba ya wokovu, na akaeleza kwa nini. Mwili huoshwa ili roho itakaswe. Mwili hupakwa mafuta ili roho iwekwe wakfu. Mwili huwekewa mikono ili roho iangazwe. Mwili hula mwili na damu ya Kristo ili roho ishibe Mungu. Kila ninapofundisha darasa la ubatizo narudi kwenye maneno hayo, kwa sababu yanaonyesha kwamba Mungu hakutupatia njia ya kumpokea inayoukwepa mwili. Hata anayeamini kwa kusikia, anasikia kwa masikio.

Matokeo ya vita ile tunayakiri mpaka leo katika Kanuni ya Imani: ufufuko wa miili. Wengi wetu tunalitamka haraka, kisha tunaishi kama watu wanaosubiri kuutua mwili kama mzigo.

Kwa nini Yesu aliyefufuka aliomba chakula?

Luka 24:41 ni mstari wa ajabu. Wanafunzi wanamwona Bwana amesimama kati yao, na Luka anasema walikuwa hawajaamini bado *kwa furaha*, wakistaajabu. Furaha iliwazidi mpaka imani ikashindwa kuifikia. Yesu anafanya nini? Hatoi hotuba. Ameshawaonyesha mikono na miguu yake, sasa anawauliza, "Mna chakula chochote hapa?" Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akakitwaa, akala mbele yao.

Yohana ana jambo kama hilo katika sura ya 21. Wanafunzi wamevua usiku kucha, wamerudi wamelowa, na Yesu amewasha moto wa makaa ufuoni, juu yake pana samaki na mkate. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Mshindi wa mauti, asubuhi, anapika kifungua kinywa kwa wavuvi waliochoka! Kama mwili ungekuwa ganda la kutupwa, hapo ndipo angelitupa. Badala yake ameuchukua pamoja na makovu yake.

Nimeokoka, nasali, lakini sina furaha. Mwili mzito, asubuhi sitaki kuamka. Nina tatizo la kiroho?

Kabla ya jibu, huwa namwuliza mtu mambo mawili: umelala saa ngapi, na jana umekula nini? Wengine hukasirika, wanadhani nalidharau swali lao. Silidharau. Nalifuata kama malaika alivyolifuata.

Rudi 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kushinda Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, manabii wa Baali wamekwisha. Siku chache baadaye anakimbia, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anasema. Ni nabii aliyeita moto kutoka mbinguni, anayetaka kufa.

Angalia Mungu anavyomtendea. Hamkemei. Hamwambii aongeze maombi. Hamtolei pepo. Eliya analala. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, na kusema, "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ni baada ya usingizi mara mbili na chakula mara mbili ndipo anakwenda mlima wa Mungu, Horebu, na ni huko Horebu ndipo anaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Mazungumzo ya kiroho yalikuwepo, tena mazito. Yalikuja baada ya mkate.

Mwanateolojia Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274 na ambaye hakuna atakayemwita mwepesi, alipoandika juu ya dawa za huzuni alizitaja hizi: jambo lenye kuburudisha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, halafu usingizi na kuoga. Maji ya kuoga, katika kitabu cha teolojia. Alielewa kwamba huzuni hukaa mwilini, basi na mwili una njia zake za kuilegeza.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu yangu. Ikiwa hali hiyo imedumu zaidi ya majuma mawili, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, hakuna kinachokupendeza, unajiona hufai, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Nenda hospitali. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, na miezi ya kwanza baada ya kujifungua navyo vinaweza kuleta uzito huohuo, na ni mganga mwenye vipimo atakayevitofautisha. Na kama wazo la kujiua limekujia, usilale peke yako usiku huo. Mwite mtu sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku, akupeleke.

Nikimeza dawa za sonona, nimepunguza imani?

Hapana. Mkate wa Eliya haukupunguza imani yake. Na yeyote anayekwambia uache dawa ili uthibitishe imani yako, usimfuate, hata akiwa na kipaza sauti mkononi.

Kwa nini Zaburi nyingine hazina furaha kabisa?

Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Hakuna "lakini nitakusifu" mwishoni. Wayahudi waliitunza, Kanisa likaipokea, na watawa huisali mpaka leo wakati wa kulala. Mimi huichukulia kama ruhusa. Mwombaji yule hana furaha, lakini bado anazungumza na Mungu, usiku na mchana, na Mungu ameiweka sala yake katika kitabu kitakatifu. Ukikosa la kusema, sema la kwake.

Je, ni halali kucheza ibadani?

Sanduku la Agano lilipopandishwa Yerusalemu, Daudi alicheza mbele za BWANA kwa nguvu zake zote, amevaa naivera ya kitani, vazi la kikuhani (2 Samweli 6). Mikali, mkewe, alichungulia dirishani akamdharau moyoni. Wahubiri hupenda kuishia kwa Mikali. Mimi napenda mstari wa 19: Daudi alipomaliza kucheza aliwagawia watu wote, wanaume kwa wanawake, mkate, kipande cha nyama na mkate wa zabibu. Ni Nehemia tena. Furaha ikikolea inatafuta nani hajala.

Wamisionari wengi wa mwanzo, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walizikataza ngoma kanisani, na wapo wazee wetu waliokua wakiamini kwamba ngoma na shetani ni ndugu. Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Huko Kongo, maaskofu walifanya kazi ya miaka mingi mpaka mwaka 1988 Roma ilipoidhinisha Misale ya Kirumi, yaani kitabu cha sala za Misa, kwa majimbo ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Katika Misa hiyo, wakati wa wimbo wa Utukufu, padre na watumishi huizunguka altare kwa hatua za kucheza, waumini wakiyumba na kuitikia mahali pao. Mwaka 2019, tarehe 1 Desemba, Papa Fransisko aliadhimisha Misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro pamoja na Wakongo waishio Roma.

Kwa upande wa Waprotestanti, uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika ulikuwa na miili ndani yake tangu siku za mwanzo. Watu walitetemeka, walilia kwa ajili ya dhambi zao, waliimba usiku kucha, walikumbatiana hadharani na wale waliokuwa wamekosana nao. Viongozi wengi wa makanisa waliogopa. Lakini hayo hayakuwa maonyesho: mtu aliyelia jana, leo alirudisha alichoiba. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mpaka sasa. Ukicheza Jumapili, na Jumatatu ukamlipa kibarua wako mshahara wake, cheza. Uchezaji unaotafuta kamera tu, au unaomlazimisha mzee mwenye magoti mabovu asimame ili asionekane amepoa, haustahili kuitwa ibada.

Kuimba kunafanya nini mwilini?

Njoo kwenye mazoezi ya kwaya jioni ya katikati ya juma. Huyu ametoka sokoni, yule ametoka shambani, mwingine amebeba mtoto mgongoni na kitenge kimelowa mvua. Wanakaa kwenye benchi mabega yamepanda mpaka masikioni. Mwalimu anagawa sauti: ya kwanza, ya pili, teno, besi. Mwanzoni kila mmoja anavutia kwake. Wimbo ukirudiwa mara mbili tatu, unaanza kuona vifua vinapanda pamoja na kushuka pamoja, kwa sababu wote wanavuta pumzi mwisho wa mstari uleule. Mabega yanashuka. Mtoto mgongoni analala.

Si hisia tu. Mwaka 2013 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walipima mapigo ya moyo ya watu wakiimba pamoja, wakakuta mioyo yao inapanda na kushuka kwa pamoja kufuata mpangilio wa wimbo, kwani wimbo ndio uliokuwa ukiongoza pumzi zao. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake huko Italia walichapisha utafiti wao juu ya watu wazima 23 waliosali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika huvuta kati ya 12 na 20, na mwendo huo wa taratibu uliusaidia moyo kurekebisha shinikizo la damu vizuri zaidi. Mantra za yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa, nazo zilileta matokeo yaleyale, na sioni sababu ya kulificha hilo: Mungu mmoja ndiye aliyeyaumba mapafu ya watu wote. Tunachokiri sisi ni yule tunayemwita kwa pumzi hizo.

Paulo na Sila, migongo ikiwa imechanika kwa bakora na miguu imefungwa kwa mkatale, waliimba usiku wa manane katika gereza la Filipi, na wafungwa wengine wakawasikiliza (Matendo 16). Sidhani waliimba kwa sababu walijisikia vizuri.

Je, kufunga ni kuuadhibu mwili?

Yesu anasema unapofunga ujipake mafuta kichwani na unawe uso (Mathayo 6:17). Isaya 58 inasema funga anayoitaka Mungu ni pamoja na kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa hiyo mwili unaofunga unatunzwa, na chakula kilichoachwa kina mwenyewe anayekingoja. Tukifunga halafu tukaweka akiba fedha ya chakula kile, tumepunguza matumizi tu.

Sheria ya Kanisa Katoliki juu ya kufunga inawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka mwanzo wa mwaka wao wa 60, na wagonjwa hawamo. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu: usikae bila chakula na usiruke dozi hata moja kwa ajili ya maombi ya siku saba au ishirini na moja. Zungumza na daktari wako kwanza. Unaweza kufunga simu, kufunga maneno, kufunga nyama. Inasimuliwa kwamba Fransisko wa Asizi, aliyeuita mwili wake Ndugu Punda na kuutesa miaka mingi, alipokaribia kufa mwaka 1226 alikiri kwamba alimkosea sana ndugu huyo. Mtakatifu mkubwa vile, na bado alilijutia hilo.

Mtu anayeumwa kila siku, au mwenye ulemavu, anaweza kuwa na furaha hii?

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa (2 Wakorintho 12). Kwa hiyo lile neno "ungekuwa na imani ungepona" linampiga Paulo mwenyewe usoni. Ni neno katili, na nimeona wagonjwa wakilia kwa sababu yake kuliko wanavyolia kwa maumivu.

Yakobo 5:14 inampa mgonjwa haki: awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Wakatoliki na Waorthodoksi huihesabu kuwa sakramenti. Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste wengi nao hupaka mafuta wakiomba. Kinachotokea ni mkono wa mtu kugusa paji la uso ambalo pengine halijaguswa kwa wema kwa siku nyingi. Wengine hupona. Wengine hawaponi, lakini wanaacha kujiona wametupwa. Nao ulemavu si doa la kufutwa ili mtu awe kamili mbele za Mungu. Mwili uliotukuzwa kuliko yote una makovu ya misumari.

Kulia msibani ni kukosa tumaini?

Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, ilhali alijua anakwenda kumfufua. Paulo anatuzuia tusihuzunike *kama wengine wasio na matumaini* (1 Wathesalonike 4:13), hakutuzuia kuhuzunika. Kaa mkekani na wafiwa, lia, pika uji, imba usiku ule mrefu. Usimwambie mjane "usilie, yuko mahali pema" kabla hajamaliza kulia.

Raha ya mwili katika ndoa ina nafasi katika imani?

Ina kitabu kizima katika Biblia, Wimbo Ulio Bora, kinachosifu macho, nywele, shingo na harufu ya mpendwa bila kuomba radhi. Paulo anawaambia wanandoa wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, ili wapate kusali, kisha warudiane (1 Wakorintho 7:5). Kupatana ndilo neno zito hapo. Mwili wa mke si deni la kudaiwa kwa nguvu.

Mbinguni tutakuwa na miili?

Ndiyo. 1 Wakorintho 15 inasema hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutokuharibika. Utakuwa wa namna gani, Paulo anaishia kwenye mfano wa punje na mmea, nami siendi mbele yake.

Mama yangu ni mzee, kumbukumbu imepotea, hawezi tena kusali wala kwenda kanisani. Nifanye nini ili asikose furaha ya Bwana?

Mwombe padre au mchungaji aje nyumbani na Komunyo au Chakula cha Bwana. Usisubiri mpaka awe mahututi. Mwimbie nyimbo alizojifunza utotoni, kwa lugha ya kwao, taratibu, kwani mara nyingi nyimbo hubaki wakati majina ya watoto yameshapotea. Sali Baba Yetu kwa sauti ukimshika mkono, umpe nafasi ya kuitikia hata kama ni neno moja. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mpake mafuta ya nazi miguuni, mbadilishie upande wa kulala kila baada ya saa mbili kama haamki, ili asipate vidonda vya mgongo. Waite wajukuu wale naye, siyo baada yake. Na wewe unayemhudumia, tafuta ndugu wa kukupokea zamu angalau siku moja kwa juma, ulale.